Nimeambiwa nijaze kibofu, na mkojo wenyewe haushikiki

Swali

Mwanangu nesi, mimi ni mama wa miaka 56, nakaa Mbagala. Nina kisukari na presha. Mkojo unanivuja huu mwaka wa tatu: nikikohoa unatoka, nikibanwa sifiki chooni. Miezi minne iliyopita daktari alinilaza kitandani, akanibonyeza tumbo, akaniambia nikohoe. Nikakohoa, mkojo ukatoka mpaka kwenye shuka, na pembeni wamesimama vijana wawili wanafunzi, umri wa wanangu. Tangu siku hiyo sijarudi kliniki, dawa nanunua duka la dawa. Aliniandikia ultrasaundi ya nyonga na karatasi ninayo, imeandikwa nifike nimekunywa maji lita moja na nisikojoe. Nitazuiaje lita moja mimi ninayeshindwa na kikombe cha chai? Na yule daktari nikikutana naye nimwombe radhi vipi?

Jibu

Shikamoo mama.

Naanza na hiyo lita moja, maana ndiyo inayokuzuia kutoka nyumbani. Karatasi uliyopewa ni ile ile anayopewa binti wa miaka ishirini ambaye mkojo wake haumsumbui. Maji yanatakiwa kwa sababu moja: kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni, na mawimbi ya mashine yanapita vizuri kwenye maji kuliko kwenye utumbo wenye hewa. Kibofu kinakuwa kama dirisha la kuonea mji wa mimba na vifuko vya mayai. Dirisha hilo halihitaji kuwa wazi lote. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500, na mara nyingi kikiwa nusu tu mpimaji anaona anachokitafuta.

Kwa hiyo usinywe maji Mbagala. Ukinywa pale Rangi Tatu, foleni ya Kilwa Road itakumaliza kabla hujafika mjini. Nenda chooni nyumbani, panda gari, fika hospitali, andikisha jina, halafu uliza: mbele yangu wapo wangapi? Wakiwa kumi na wawili, kaa tulia. Wakibaki wanne au watano, kunywa nusu lita, chupa moja ndogo ya maji, taratibu. Iwe maji, si juisi wala soda, una sukari wewe. Ndani ya dakika arobaini na tano hadi saa nzima kibofu kitakuwa kimeanza kujaa. Ukianza kuhisi umebanwa, usijikaze kisabuni. Nenda mlangoni mwambie mpimaji, "Mimi mkojo haushikiki, naomba uniangalie sasa hivi." Akiweka kifaa tumboni anaona kwa sekunde chache kama kibofu kinatosha. Kikiwa hakijatosha atakwambia, na kikitosha umeshapona foleni.

Ukivuja kabla hujafika mlangoni, bado usiondoke. Kilichobaki ndani kinaweza kutosha. Na kuna njia nyingine: kipimo cha kupitia ukeni, ambacho hutaka kibofu kitupu. Si kila mahali wanacho na si kila mtu anakipenda, lakini kuuliza ni haki yako.

Kuna jambo wengi hawaambiwi. Kwa mtu anayevuja, mpimaji anaweza kupima kibofu kikiwa na mkojo, akakutuma chooni, kisha akapima tena kuona umebakiza kiasi gani. Mkojo unaobaki ukiwa chini ya mililita 50 hatuna wasiwasi. Ukizidi 200 maana yake kibofu hakijimwagi chote, na kisukari cha muda mrefu ni moja ya sababu, kwa kuwa kinaumiza mishipa ya fahamu ya kibofu. Matibabu yake ni tofauti kabisa na ya mtu anayevuja kwa kukohoa tu. Sasa ukifika umejikausha tangu jana yake, hukunywa hata chai, tunapima nini? Methali ya mficha uchi tumeichosha, kwa hiyo naisema kifundi: anayejikausha ili asiaibike anakuja kupimwa ugonjwa akiwa ameuacha nyumbani. Tena mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu, na unabanwa zaidi badala ya kupungua.

Ndiyo maana kile kikohozi kimekukaa vibaya bure. Daktari akikulaza, akakubonyeza chini ya kitovu, akakuambia ukohoe huku anaangalia, mara nyingi anatafuta huo huo mkojo uliotoka. Tunatazama unatoka wakati gani. Ukiruka pale pale na kikohozi, ukaisha kikohozi kinapoisha, tunajua misuli inayoziba njia imelegea: uzazi, uzito, umri. Ukichelewa sekunde kadhaa kisha ukamwagika na kuendelea, kibofu chenyewe ndicho kilichojikunja kikausukuma nje. Kwa macho ya mgonjwa yote ni aibu moja, lakini kwetu ni magonjwa mawili. Ulivyojieleza, nawe huenda unayo yote mawili, na wa aina hiyo ni wengi. Hapa kosa la daktari lilikuwa kutokukuambia kabla: "Mama, ukivuja ndicho ninachotaka kuona." Sentensi moja tu. Na kuhusu wale wanafunzi alipaswa kukuomba ruhusa. Safari ijayo sema kabla hujalala kitandani: "Naomba wanafunzi wasubiri nje, na naomba awepo nesi wa kike." Sema mara moja, huna haja ya kueleza sababu, na hakuna wa kukunyima matibabu kwa hilo.

Sisi wauguzi nasi hatujatakasika. Nilipokuwa naanza kazi, mwenzangu aliona maji chini ya benchi akapaza sauti korido nzima, "Nani kakojoa hapa?" Baba mmoja wa makamo akasimama, akashika kofia yake mbele ya suruali, akatoka. Hatukumwona tena kliniki. Nilikuwa pale na sikusema kitu. Miaka kadhaa baadaye, baada ya uzazi wangu wa pili, nilikuwa namhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye machela nikahisi umoto unashuka mguuni. Nilimaliza zamu na sweta nimelifunga kiunoni, joto la Februari la Dar, kila mtu ananiuliza kama naumwa.

Lile linalonitia hofu kwenye barua yako lakini ni hii miezi minne. Sukari ikipanda kupita 10 hivi kwenye mashine, figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Basi unakojoa zaidi, unabanwa zaidi, unavuja zaidi. Kliniki unayoikimbia kwa sababu ya mkojo ndiyo ambayo ingeupunguza huo mkojo. Kwa hiyo rudi kliniki ya sukari kwanza, wiki hii, ultrasaundi ifuate. Beba vidonge vyote unavyotumia, na maboksi yake. Kama kuna jina linaloishia na "pril", enalapril au captopril, mwambie daktari kama una kikohozi kikavu kisichoisha, maana dawa hizo huwakohoza baadhi ya watu na kila kikohozi kwako ni tone. Kama unameza dawa ya kukojoza, uliza kama siku ya kliniki unaweza kuimeza ukirudi. Usiache chochote kwa uamuzi wako. Na kabla ya kukaa kwenye meza ya presha, pitia chooni: kibofu kilichojaa kinapandisha presha, na unaweza kuongezewa dozi kwa sababu ya mkojo ulioubana kwenye benchi.

Ukiambiwa una "UTI sugu", uliza mkojo umepimwa lini maabara na ameota mdudu gani. Mji huu kila anayekwenda chooni mara nyingi ana UTI sugu, na nimeona wanawake waliomeza dozi tano za antibiotiki kwa misuli iliyolegea.

Siku yenyewe vaa dera, ndani yake pedi. Pedi za hedhi zimetengenezwa kwa damu, ambayo hutoka polepole, na mkojo wa ghafla unazipita pembeni. Zipo pedi nene za mkojo na zipo pampasi za wakubwa kwenye maduka makubwa ya dawa, ukipata moja ya safari itoshe. Beba kanga mbili: moja ya kujifunga, moja ya kutandika unapokaa. Beba chupi ya akiba. Wengi wananiuliza iliyolowa waiweke wapi, tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku mwaka 2019. Mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kubana, ule wa kuwekea chakula cha watoto wa shule, haupitishi maji wala harufu. Kitu kingine ni ule mpira tunaowaagiza wajawazito waje nao kujifungua: kata kipande cha ukubwa wa kitabu, kishone ndani ya kitambaa cha kanga, kikalie kwenye daladala. Hakuna atakayejua.

Kusema ndiko kugumu, nakubali, hasa dirishani ambapo nyuma yako kuna watu thelathini. Basi usiseme. Andika nyumbani kwenye kikaratasi, maneno haya haya ukipenda: "Nina tatizo la kuvuja mkojo. Naomba kukaa karibu na choo, na nikienda chooni nisipoteze namba yangu." Kikunje, mpe nesi wa meza ya presha pamoja na kadi yako. Nikipewa kikaratasi kama hicho mkononi najua la kufanya bila kufungua mdomo. Ukifika kwa daktari anza nalo, usilisubirishe mpaka umeshika kitasa cha mlango unatoka. Na litaje kwa jina. Akina mama wanatuambia "najisikia vibaya huku chini", tunahangaika na fangasi nusu saa. Sema: mkojo unanitoka nikikohoa, na nikibanwa sifiki.

Ukiwa kwenye benchi mkojo ukakushika ghafla, usinyanyuke mbio. Kukimbia kunatikisa tumbo na ndiko kunakomwaga. Kaa, kaza misuli ile unayoitumia kuzuia hewa isitoke nyuma, haraka haraka mara tano sita, huku unapumua. Mbano unakuja kama wimbi, unapanda, unashuka. Ukishashuka ndipo unyanyuke, utembee mwendo wako wa kawaida. Nyumbani mbinu hii utaijaribia mlangoni, pale unapoingiza funguo na mkojo nao unataka kutoka. Kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo, kaza kwanza ndipo ukohoe. Isipokuwa kitandani kwa daktari: pale usikaze, muache aone.

Misuli hiyo hiyo ndiyo ya mazoezi: kaza taratibu, shikilia, achia, mara nane, asubuhi mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuruka. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandika mwaka 1948 na mpaka leo ndiyo tunayoanza nayo kabla ya dawa na kisu. Wanaume pia yanawafaa, ingawa mwanaume anayekojoa kwa matone na kuamka usiku aanze na kipimo cha tezi dume.

Jambo moja la kumrahisishia daktari kazi: siku tatu kabla ya kwenda, kata shingo ya chupa ya maji ya nusu lita, kojolea humo, andika kwenye daftari la mwanao saa na kiasi, robo chupa, nusu chupa, na kila ulipovuja weka alama. Ukivuka mara nane kwa mchana, au ukaamka mara tatu nne usiku, itaonekana hapo. Ukurasa huo unasema mengi kuliko maswali yetu.

Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukagoma kabisa, au miguu na sehemu za siri zikafa ganzi ghafla, hiyo si ya kusubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo. Na kama anayesoma hapa ni binti ambaye mkojo unamtoka mfululizo usiku na mchana tangu uzazi uliokuwa mgumu, tatizo lako linaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Hospitali ya CCBRT, kule Msasani, wametibu wanawake wengi wenye fistula bila malipo.

Sasa radhi. Usimwombe, mama. Ukikaa mbele yake, msogezee faili, umwambie, "Naomba unisomee ulichoandika siku ile nilipokohoa."