Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kurudisha Swichi Dukani, Ichunguze Kebo

SWALI: Ndugu mtaalamu, pokea salamu kutoka Majengo, Moshi. Nina duka la steshenari lenye kompyuta tatu. Hivi karibuni nilinunua Arusha swichi ya jigabiti, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo za mtandao kwa kasi ya hadi megabiti 1000 kwa sekunde, yenye poti (matundu ya kuchomeka kebo) nane, kwa waranti ya mwaka mmoja. Kompyuta mbili za kaunta zinaonyesha kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde, lakini ya chumba cha nyuma inaonyesha 100, na mara nyingine mtandao wake unakatika kisha unarudi wenyewe. Fundi aliyevuta kebo anasema testa yake, yaani kifaa cha kupimia kebo, iliwasha taa zote nane, hivyo kosa ni la swichi. Muuzaji yuko tayari kuipokea, ila ikikutwa nzima nitalipia uchunguzi. Je, niirudishe?

JIBU: Dada yangu, usipande gari la Arusha kwanza. Swichi hiyo hiyo inazipa kompyuta mbili kasi kamili, na hilo peke yake linatosha kutufanya tuishuku njia ya kompyuta ya tatu kabla ya kuishuku swichi. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Chomoa kebo ya chumba cha nyuma, uichomeke kwenye poti ambayo sasa inatoa 1000, na kebo ya kaunta uihamishie kwenye poti inayolalamikiwa. Kisha soma kasi kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta. Usitegemee rangi za taa za poti, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpango wake wa rangi. Kasi ya 100 ikihama pamoja na kebo, swichi haina kosa. Ikibaki kwenye poti ile ile hata baada ya kuchomekwa kebo ya kaunta, una hoja ya kumpelekea muuzaji.

Tuseme imehama, jambo ambalo kwa maelezo yako naliona kuwa ndilo la kutarajiwa. Hapo wanabaki washukiwa wawili, yaani kebo na kompyuta. Ilete kompyuta ya nyuma hadi kaunta na uiunge na swichi kwa kebo fupi iliyofungwa konekta (kichwa cha kuchomeka) kiwandani. Ikisoma 1000, kompyuta imesalimika. Isiposoma, hakikisha kwamba kadi yake ya mtandao ni ya jigabiti, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani zina kadi zinazoishia 100, na kwamba hakuna aliyeifungia kasi ya 100 kwenye mipangilio badala ya kuiacha ijichagulie.

Sasa nieleze kwa nini namba inayojitokeza ni 100, kwa sababu namba hiyo ni ushahidi. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile zinazofika kwenye pini (vijino vya chuma vya konekta) ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Kasi ya 1000, ambayo kanuni yake ya kupita kwenye nyaya za shaba ilitolewa mwaka 1999, hutumia jozi zote nne kwa wakati mmoja. Swichi na kompyuta zinapokutana hukubaliana kasi kwa kupitia jozi zile mbili za kwanza, kwa hiyo zinaweza kukubaliana 1000 na papo hapo zikashindwa kuitekeleza kwa sababu jozi nyingine ni mbovu. Vifaa vingi vikishindwa namna hiyo hushuka hadi 100. Vingine huendelea kujaribu, na mtumiaji huona mtandao ukikatika na kurudi. Dalili zako zote mbili zinaingia humo.

Fundi wako anaweza kuwa amesema kweli kuhusu zile taa nane, na bado kebo ikawa na kosa. Testa ya taa hujibu swali moja tu: je, waya wa pini ya 1 upande huu unafika pini ya 1 upande wa pili, na vivyo hivyo hadi ya 8? Haitambui waya upi umesokotwa na upi. Wapo mafundi wanaopanga rangi kwa jozi zinazofuatana, yaani nyeupe-chungwa na chungwa, nyeupe-kijani na kijani, nyeupe-buluu na buluu, nyeupe-kahawia na kahawia, kwa sababu mpangilio huo unakumbukika kwa urahisi. Pande zote mbili zikipangwa hivyo, testa itawasha taa zote. Lakini pini ya 3 na ya 6, ambazo zinapaswa kuwa jozi moja, sasa ziko kwenye jozi mbili tofauti, na faida ya msokoto, ambayo ni kuzuia mawimbi ya jozi moja yasiingilie nyingine, imepotea. Kebo ya namna hiyo mara nyingi hufanya kazi ikiwa fupi, kisha hushindwa ikivutwa hadi chumba cha nyuma. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kuanzia pini ya 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Konekta ni ya plastiki angavu, hivyo unaweza kuzisoma rangi kwa macho yako bila kumsubiri fundi. Anzia hapo.

Rangi zikiwa sawa, tazama waya wenyewe umetengenezwa kwa nini, na hapa nakuomba uwe mkali. Kuandikwa Cat6, ambalo ni daraja la ubora wa kebo kama lilivyo Cat5e, kwenye ganda hakuthibitishi kwamba ndani kuna shaba. Zipo kebo za bei nafuu ambazo nyaya zake ni za alumini iliyopakwa shaba juu, na kebo hizo hazikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6 hata kama maandishi yanasema hivyo. Alumini huukinza umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, na hukatika haraka ikikunjwa kunjwa. Omba kipande kilichobaki, ukwangue waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe wa fedha chini ya rangi ya shaba, umepata jibu. Uzito pia husema, kwa kuwa alumini ina uzito chini ya theluthi moja ya shaba ya ujazo ule ule, na boksi zima la kebo hiyo huwa jepesi mno mkononi. Inaniuma kuona mwenye duka dogo akiuziwa kebo hiyo kwa jina la Cat6, halafu lawama zikatupiwa kifaa ambacho hakijakosea.

Kuna pia uwezekano wa konekta. Waya wa Cat6 kwa kawaida ni mnene kuliko wa Cat5e, na ukilazimishwa kwenye konekta ya Cat5e huenda usifike mwisho au usibanwe sawasawa. Mweleze fundi asifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kubana. Urefu sidhani kama unakuhusu dukani, maana kikomo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Ikithibitika kwamba poti ya swichi ndiyo mbovu, irudishe ikiwa na adapta yake ya umeme, risiti ya EFD na namba yake ya utambulisho, pamoja na karatasi uliyoandika poti ipi ilijaribiwa kwa kebo ipi na kompyuta ipi, na kasi gani ilisomeka. Usiifungue kasha. Muuzaji akiikataa bila kuipima ilhali una maelezo hayo, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na wakati unasubiri, ujue kwamba kifurushi cha intaneti cha megabiti 20 hakipungui kasi kwa kupita kwenye njia ya 100. Kinachochelewa ni kunakili mafaili makubwa kati ya kompyuta zako.

SWALI: Mimi niko Njiro, Arusha. Nimenunua redio ya kufunga juu ya paa, ile inayopokea intaneti kwa mawimbi, na swichi inayopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao. Vyote viwili vimeandikwa PoE, lakini redio haiwaki. Nirudishe kipi?

JIBU: Huenda vyote ni vizima ila havielewani. Swichi inayofuata kanuni ya PoE ya mwaka 2003, au ya 2009 inayofikisha wati 30, hupima kwanza kama kifaa cha upande wa pili kinajitambulisha, na kisipojitambulisha haipeleki umeme. Redio nyingi za paa hutumia volti 24 zinazotumwa moja kwa moja bila utambulisho huo, hivyo swichi yako inaiona kama kifaa kisichohitaji umeme. Soma kibandiko cha redio. Ikiwa kimetaja volti 24, iwashe kwa adapta iliyokuja kwenye boksi lake, kwa kebo fupi, chini kabla ya kupanda paani. Ikiwaka chini na kuzimika juu, kebo ndefu inapoteza volti nyingi njiani, na jaribio la wembe nililolieleza hapo juu linakuhusu wewe pia. Usijaribu kinyume chake, yaani kuchomeka kebo inayotoka kwenye adapta hiyo ndani ya kompyuta au swichi ya kawaida, kwa sababu adapta hiyo haiulizi kabla ya kupeleka umeme na inaweza kuunguza poti, na poti iliyoungua kwa namna hiyo muuzaji ana haki ya kuikatalia waranti.