Miguu ya kisukari na kipimo cha MRI: maswali yenu

*Mamangu ana kisukari kwa miaka mingi. Usiku nyayo zamuwaka moto. Jirani atwambia tumpeleke MRI. Tuanzie huko? – Binti, Likoni*

MRI ni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Msianzie huko, na nawasihi msikope pesa kwa ajili hiyo. Moto huo huenda watokana na neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizoumizwa na kisukari, na neva zikiumia huleta pia ganzi. Mpelekeni kliniki ya kisukari, avue viatu na soksi. Atafumba macho, aguswe nyayo kwa kijiuzi cha plastiki kinachopinda kwa uzito wa gramu 10, aseme wapi anahisi na wapi hahisi. Ni dakika chache tu. Kama ametumia metformin, dawa ya kisukari, muda mrefu, ulizeni pia habari ya vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

*Kwani MRI yaonyesha nini hasa? – Mwalimu, Tudor*

Mengi, Mwalimu. Haitumii miale ya eksirei bali sumaku kali, aghalabu yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na mawimbi ya redio, hivyo hutofautisha vizuri maji, mafuta na nyama. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwa MRI kwamba neva kubwa ya siatiki, ishukayo kutoka kiunoni hadi mguuni, huwa na madoa ya kuumia huku juu pajani, ilhali mgonjwa analalamikia vidole vya miguu. Kwenye misuli, picha huonyesha ile midogo ya wayo ikisinyaa na mafuta kushika nafasi yake, mistari mistari kama nyama iliyonona buchani. Misuli hiyo ikidhoofika vidole hujikunja, uzito ukaangukia sehemu moja ya wayo, na hapo ndipo kidonda huanza.

Hata hivyo, kwa ganzi ya kawaida kipimo hiki bado ni cha watafiti zaidi. Picha haibadilishi matibabu: sukari idhibitiwe, maumivu yapewe dawa, miguu ikaguliwe kila siku.

*Mume wangu guu limevimba na lina moto, lakini haliumi sana. Eksirei haikuonyesha kitu. Twamkanda kwa maji moto. – Mke, Changamwe*

Dada, acheni kumkanda leo hii, ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Asilikanyage, na afike hospitali leo leo. Huenda mifupa ya wayo inavunjika kimyakimya, ugonjwa uitwao Charcot, ambao mwanzoni eksirei huweza kuukosa na MRI ikauona. Ngozi zetu nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo lipimeni joto kwa mgongo wa mkono, guu hili kisha lile. Mwenye kidonda kirefu kilichokaribia mfupa, au paja lililovimba na kuuma ghafla, naye aulize MRI bila kuchelewa.

*Nina betri ya moyo na figo zangu ni dhaifu. Naweza kuingia? – Mzee, Majengo*

Shikamoo Mzee. Betri nyingine huruhusiwa, nyingine hapana, kwa hiyo nenda na kadi yake. Habari ya figo itaje kabla hujadungwa dawa ya kung'arisha picha, maana si kila aina yake inakufaa.