Tansiyo (presha ya damu) ya watoto: kabla hujaogopa, angalia mkanda wa kupimia

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia kwa uchungu. Kijana wake wa miaka 6 alipimwa 120/80, majirani wakamcheka: tansiyo ni ya wazee, na hiyo ndiyo hesabu ya mtu mzima kabisa!

Mama, usiwasikilize. Mwaka 2000, kati ya watoto na vijana 100 duniani, kama 3 walikuwa na tansiyo ya juu. Mwaka 2020 walifika kama 6, yaani karibu milioni 114. Kwa walionenepa kupita kiasi ni karibu 19 kwa 100. Na 120/80 kwa mtoto wa miaka 6 ni nyingi. Chini ya miaka 13 kipimo hulinganishwa na umri, jinsia na urefu wake. Kuanzia 13, mpaka ni 130/80.

Lakini uliza kwanza alipimwa namna gani, maana hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke asilimia 80 hadi 100 ya mkono. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 20, katikati ya bega na kiwiko, unataka mfuko wa urefu wa 16 hadi 20 na upana wa 8. Mkanda mdogo unapandisha hesabu bure; mkubwa unaficha ugonjwa. Mtoto akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu isining'inie, mkono wa kuume usawa wa moyo. Aliyetoka kulia au kupanda mlima mbio asipimwe papo hapo. Ikipanda, irudiwe mara mbili. Kisha siku nyingine mbili tofauti.

Kwa mdogo kama huyu, figo ndizo za kushukiwa mapema. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukiwa rangi ya chai, wiki chache baada ya kuumwa koo au kuwa na vidonda vya ngozi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kichwa kikali pamoja na kutapika, macho kufifia au degedege.

Nyumbani, ukipika sambaza (samaki wadogo) za chumvi, ziloweke, maji yamwagwe, na kibe (kiungo cha mchuzi chenye chumvi) usitie tena. Ukirudi kupima, omba waandike kwenye karatasi hesabu zote tatu na ukubwa wa mkanda.