Bei imeandikwa, "Imehifadhiwa" imetoka, kumbe bado ni ile ya zamani

Swali: Habari za kazi, kaka. Nimeandika programu ya duka la dawa kwa C# na Windows Forms. Data inakaa kwenye SQL Server Express na kaunta mbili zinaitumia kwa pamoja. Mhudumu akibadilisha bei, kishale kikiwa bado ndani ya kisanduku, kisha akabofya Hifadhi kwenye upau wa zana au akabonyeza Ctrl+S, ujumbe "Imehifadhiwa" unatoka. Akifungua tena anakuta bei ya zamani. Akibonyeza Tab kwanza, inahifadhi vizuri. EndEdit ya DataRow (mstari wenyewe wa data) na Update naziita kama kawaida. La pili: umeme ukikatika mtu akiwa katikati ya kujaza fomu, vyote vinapotea. Rafiki yangu anashauri nihifadhi kila herufi moja kwa moja kwenye hifadhidata. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize, na sababu nitaitoa nikifika kwenye umeme. Tuanze na bei, maana hapo Tab imeshakuonyesha ugonjwa ulipo.

Maandishi unayoyaona ndani ya TextBox na thamani iliyoko kwenye DataTable (jedwali la data ndani ya kumbukumbu ya programu) ni vitu viwili tofauti. Ukishaunganisha kisanduku na BindingSource (kiungo kati ya fomu na data), kuna mpangilio uitwao DataSourceUpdateMode, na usipougusa unakuwa OnValidation. Maana yake, maandishi huvuka kwenda kwenye data pale tu kisanduku kinapohakikiwa, na kwa kawaida huhakikiwa mtumiaji anapokiacha na kwenda kwingine. Tab inafanya hivyo. Button ya kawaida nayo inafanya hivyo, kwa sababu ukiibofya inachukua fokasi, yaani ndiyo inayoanza kupokea kibodi. Vitufe vya ToolStrip, yaani upau wa zana, havichukui fokasi. ToolStripButton si Control hata kidogo, inarithi kutoka ToolStripItem. Ukiibofya, kishale kinabaki kinamemeteka palepale kwenye bei, tukio la Validating halitokei, na kodi (code) yako ya kuhifadhi inaanza kazi wakati maandishi bado hayajavuka. Menyu na mikato yake ya kibodi ni vivyo hivyo.

Usiniamini kwa maneno. Badilisha bei kutoka 1200 kwenda 1500, bonyeza Ctrl+S, na uisimamishe programu kwenye mstari wa Update. Ukichungulia utakuta txtBei.Text ni "1500", lakini safu ya Bei kwenye DataRow bado ni 1200 na RowState ni Unchanged. EndEdit uliyoiita haikuwa na cha kumaliza. Update nayo inapita kwenye jedwali, haioni mstari hata mmoja uliobadilika, na inarudisha 0.

Sasa rudia, safari hii bonyeza Tab na usimame kabla ya EndEdit. HasVersion(DataRowVersion.Proposed), yaani toleo linalosubiri kuthibitishwa, inarudisha true na 1500 imo humo, ila RowState bado ni Unchanged. Vuka mstari wa EndEdit, ndipo inageuka Modified. Kwa hiyo vizingiti ni viwili: kutoka kisandukuni hadi toleo la Proposed, ambako Validating ndiyo inayovusha, na kutoka Proposed hadi kwenye mstari wenyewe, ambako EndEdit ndiyo inayovusha. Wewe ulikuwa na cha pili, cha kwanza ulimwachia mhudumu na Tab yake.

Dawa yake ni metodi moja ambayo kila njia ya kuhifadhi lazima ipitie:

```
private bool MalizaUhariri()
{
    if (!ValidateChildren()) return false;
    if (!gridiDawa.EndEdit()) return false;
    bsDawa.EndEdit();
    return true;
}

private void Hifadhi()
{
    if (!MalizaUhariri()) return;
    int n = taDawa.Update(dsDuka.Dawa);
    lblHali.Text = n > 0 ? "Imehifadhiwa" : "Hakuna kilichobadilika";
}
```

Mafunzo mengi, na hata kodi ambayo Visual Studio hukuandikia yenyewe, hutumia Validate(). Kwa fomu ndogo inatosha. Mimi napendelea ValidateChildren() kwa sababu Validate() hushughulika na kisanduku cha mwisho ambacho hakijahakikiwa, basi. Kama umeweka AutoValidate kuwa EnableAllowFocusChange (na ninakushauri uiweke, ili mtu asinaswe ndani ya kisanduku chenye kosa), vinaweza kubaki visanduku vitatu nyuma vyenye makosa ambavyo Validate() haitavirudia. Gridi nimeitaja kwa jina kwa sababu seli yake inayoandikwa ina uhariri wake wa pembeni. Kama fomu yako haina DataGridView, futa mstari huo. EndEdit ya BindingSource izungushie try na catch: safu isiyoruhusu kuwa tupu ikiachwa tupu, hitilafu hurushwa hapo hapo, kabla hujafika hata kwenye hifadhidata.

Angalia pia ujumbe wako. Update inarudisha idadi ya mistari iliyoandikwa, nawe ulikuwa unaipuuza na kumwambia mhudumu "Imehifadhiwa" huku jibu ni 0. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko lile la fokasi. Bei isiyohifadhiwa ikionekana mapema, mtu anairudia tu. Ikifichwa, dawa inauzwa kwa bei ya zamani hadi mwenye duka akae na hesabu zake.

Utakutana na wanaokuambia uhamishe fokasi kwa nguvu, ActiveControl = null, kisha uhifadhi. Kweli inafanya kazi, mara nyingi. Lakini kishale cha mhudumu kinapotea kila akihifadhi, na uhakiki ukikataa, fokasi haihami na kodi yako inaendelea mbele kana kwamba imehama. Wengine watakuambia uweke OnPropertyChanged kila mahali. Hiyo inavusha kizingiti cha kwanza kila herufi inapoandikwa, ila cha pili kinabaki kilekile, EndEdit bado utaihitaji. Tena hesabu yoyote inayosikiliza bei itapiga VAT ya 1, kisha ya 15, kisha ya 150, kabla mtu hajamaliza kuandika 1500. Kwa kisanduku cha kutafutia dawa OnPropertyChanged ni nzuri sana. Kwa pesa, hapana.

Mtego wa pili uko kwenye kufunga fomu. Mtu akibofya X, Windows Forms yenyewe huhakiki kwanza, kwa hiyo 1500 inavuka kizingiti cha kwanza bila wewe kufanya lolote. Lakini EndEdit haiitwi. Basi kama ndani ya FormClosing unauliza dsDuka.HasChanges() ili ujue kama umwonye mtumiaji, utajibiwa false, fomu itafungwa kimya, na bei itaondoka nayo. Ita MalizaUhariri() kwanza, HasChanges() baadaye. Na uhakiki ukishindwa, FormClosing hukujia e.Cancel ikiwa tayari true, yaani fomu inakataa kufungwa. Mwulize mtu kama anataka kutupa alichoandika, akikubali ita CancelEdit na urudishe e.Cancel kuwa false. Ila kama CloseReason ni WindowsShutDown, usiulize chochote: kompyuta inazimwa na pengine hakuna aliyekaa mbele yake. Andika rasimu uondoke.

Hapo ndipo tunafika kwenye umeme na rafiki yako.

Tuseme unahifadhi kila herufi kwenye SQL Server. Mhudumu wa kaunta ya kwanza anabadilisha bei kuwa 12000. Kwa nusu sekunde hifadhidata inasema 1, kisha 12, kisha 120. Kaunta ya pili ikivuta bei ya dawa hiyo wakati huohuo, mteja anatoka na dozi nzima kwa shilingi 120, na risiti halali mkononi. Umeme ukikatika katikati, 120 inakuwa ndiyo bei rasmi hadi mtu aigundue. Kazi ambayo haijaisha haina haki ya kukaa mahali ambapo wengine wanaisoma kama imeisha. Mpe mahali pake: faili la rasimu kwenye kompyuta ileile, ndani ya folda ya LocalApplicationData.

Ndani ya rasimu weka maandishi ghafi ya kila kisanduku, yaani txtBei.Text kama yalivyo, usiyageuze kuwa decimal. Mtu aliyeishia "12." au tarehe "03/0" hajakosea, hajamaliza tu, na ukilazimisha namba utampotezea alichoandika. Pamoja na maandishi weka ufunguo wa rekodi na thamani ya rowversion uliyoisoma ulipoifungua. Nitakuambia ya nini hivi punde.

Kuandika faili kila herufi nako ni kuchosha diski bure. Weka Timer ya Windows Forms yenye Interval ya 2000. Kila TextChanged iisimamishe na kuianzisha upya, hivyo faili linaandikwa sekunde mbili baada ya mikono kutulia. Kwa anayeandika bila kutulia weka kikomo, tuseme sekunde 15, ambapo rasimu inaandikwa hata kama bado anaandika. Kisha uandishi wenyewe:

```
string muda = njia + ".tmp";
using (var fs = new FileStream(muda, FileMode.Create))
{
    JsonSerializer.Serialize(fs, rasimu);
    fs.Flush(true);
}
File.Move(muda, njia, true);
```

Mistari miwili hapo ndiyo yenye uzito. Flush(true) huiambia Windows ipeleke data hadi kwenye diski, isiishie kwenye kumbukumbu ya muda. Bila hiyo, programu yako itaamini imeandika na umeme ukikatika unaweza kukuta faili tupu. Na File.Move mwishoni ina maana kwamba rasimu ya zamani haiguswi hadi mpya iwe imekamilika. Ukiandika moja kwa moja juu ya faili la zamani, kuna kipindi kifupi ambacho huna la zamani wala jipya, na umeme hauna adabu ya kukisubiri kipite. Kodi hii inataka .NET 6 au zaidi. Kama bado uko kwenye .NET Framework 4.8, File.Move haina kigezo cha tatu, tumia File.Replace, na kumbuka kwamba inadai faili lengwa liwe tayari lipo.

Rasimu ifutwe baada ya Update kufanikiwa, kamwe isiwe kabla.

Programu ikiwashwa na kukuta rasimu, jaza visanduku tu na umwambie mhudumu kwamba hii ni kazi iliyokatika saa fulani. Usiipeleke kwenye hifadhidata mwenyewe, aiangalie kwanza yeye kisha abonyeze Hifadhi. Hapo utafurahi kwamba ulichagua ValidateChildren(): visanduku ulivyojaza kwa kodi havijawahi kupata fokasi, na Validate() ingeviruka. Rowversion nayo inafanya kazi yake hapa. SQL Server huibadilisha kila mstari unapoguswa, kwa hiyo kama ya kwenye rasimu si ile iliyoko sasa kwenye jedwali, kaunta ya pili ilishabadilisha dawa hiyo wakati huku giza. Mwonyeshe bei zote mbili achague.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Hilo ni duka la dawa, na kama fomu zako zina jina la mgonjwa au dawa alizoandikiwa, rasimu inakuwa nakala ya taarifa hizo kwenye faili linalofunguka kwa Notepad. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Unaweza kufunga faili kwa ProtectedData, lakini ulinzi huo unafungwa na akaunti ya Windows, na kaunta nyingi wahudumu wote hutumia akaunti moja. Mimi ningeviacha visanduku hivyo nje ya rasimu. Jina kuliandika upya ni kazi ya sekunde chache. Nywila ndiyo kabisa, isiguse rasimu.

Ukihamia WPF (njia nyingine ya .NET ya kutengeneza fomu) siku moja, tatizo la kwanza utalikuta likikusubiri: Text ya TextBox huvuka kwa LostFocus, na ToolBar ina eneo lake la fokasi, hivyo kuibofya hakuhesabiki kama kukiacha kisanduku. Huko utaita GetBindingExpression(TextBox.TextProperty).UpdateSource(). Kwenye Swing ya Java, anayesumbua zaidi ni JTable, ita getCellEditor().stopCellEditing() kabla ya kuhifadhi, baada ya kuangalia kwamba si null.

Kwenye kujaribu, bei ni rahisi: andika, Ctrl+S, usiguse Tab, funga, fungua. Kwa rasimu, kuiua programu kupitia Task Manager hakutoshi, kwa sababu Windows inabaki hai na itamalizia kuandika kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, hivyo hata kodi isiyo na Flush(true) itafaulu. Tafuta kompyuta ya mezani ya zamani isiyo na UPS (betri ya akiba), andika bei, hesabu hadi tatu, chomoa waya ukutani.