Meza ya Dadu: Mguso wa umeme kwa adui aliyelala

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye msimamizi wa mchezo katika kikundi chetu hapa Umoja. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu, kwa kanuni za toleo la 3.5. Jumamosi mchawi wetu wa daraja la 5 alimlaza mkuu wa majambazi kwa uchawi wa Sleep, akataka kummaliza kwa Shocking Grasp, yaani mguso wa umeme. Nilikataa kwa sababu kitabu kinadai silaha. Akatumia kisu, jambazi akanusurika na kutoroka. Tangu hapo mchawi hanisemeshi. Je, nilimwonea?
Msimamizi, Umoja

JIBU: Marahaba. Ukisoma neno kwa neno, kitabu kiko upande wako: pigo la kumaliza, lile la kumuua adui asiyeweza kujitetea kwa madhara ya maradufu, hutolewa kwa silaha ya mkononi, au kwa upinde ukiwa umesimama kando ya adui. Lakini kanuni hizo hizo zinamhesabu mwenye uchawi wa kugusa mkononi kuwa amejihami, na mguso wake waweza kuzidisha madhara maradufu kama upanga. Kwangu South B naruhusu, na ningependa nawe uruhusu.

Nadhani najua kilichokutia hofu. Kisu cha mchawi ni dadu 1 ya pande 4. Ukizidisha maradufu, wastani ni pointi 5, kwa hiyo jambazi akitupa dadu ya pande 20 na kuongeza nguvu zake, anahitaji kufikisha 15 tu (10 jumlisha madhara) ili asife. Shocking Grasp ya daraja la 5 ni dadu 5 za pande 6. Maradufu, wastani ni 35. Kama majeraha yenyewe hayajamuua, atatakiwa afikishe 45, na hapo ni dadu kuonyesha 20 au kaburi. Umemwandaa mkuu huyo kwa wiki nzima, halafu aondoke kwa mguso mmoja! Inauma, naelewa. Ila mchawi naye alitumia akili, na mchezaji anayefikiri hivyo nampenda sana mezani.

Gharama ya mguso huo iko kwenye muda, na hapo usimlegezee. Pigo la kumaliza hula raundi nzima. Kwa hiyo raundi ya kwanza anasoma uchawi na kuushikilia mkononi, ya pili ndipo anapiga, na maadui walio karibu wanapata nafasi ya kumshambulia. Katikati hapo asiguse kitu kingine. Mchawi wa kwetu aliwahi kuokota mshumaa huku ameshika umeme, na umeme ukaishia kwenye mshumaa. Akisoma uchawi mwingine, ule wa kwanza unapotea. Usingizi wa Sleep haukatizwi na kelele za kawaida, na kwa daraja lake unadumu dakika 5, kwa hiyo muda anao. Tatizo ni walinzi: mmoja akiwahi kumtikisa bosi wake, mpango umeharibika. Raundi hizo mbili ndizo tamu kuliko zote, wala usizipitishe haraka.

Maiti wanaotembea na sanamu zenye uhai hawamalizwi hivi hata kidogo, kwa kuwa mapigo maradufu hayawapati.

Mkihamia kanuni za toleo la 2014 la mchezo huu, pigo la kumaliza halimo. Badala yake, ukimpata aliyezirai au kupooza ukiwa ndani ya futi 5, dadu za madhara huongezwa maradufu. Inflict Wounds, uchawi wa kujeruhi kwa kugusa, ilikuwa kali mno ikizidishwa hivyo, dadu 6 za pande 10, lakini katika kanuni za 2024 iligeuzwa ikawa ya adui kutupa dadu kujinusuru badala ya kupigwa, hivyo ujanja huo umekufa.

Kuhusu jambazi, usimrudishe kitandani. Keshatoroka, na wenzako watamwinda kwa hamu. Mpigie mchawi simu kabla ya Jumamosi, mwambie tangu sasa mguso unakubalika na bei yake ni raundi mbili. Mwambie yeye kwanza, kisha wengine.