Maswali na majibu: Kuchoka sio kurudi nyuma

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa kitu kimoja, watu wamechoka, na sio kule kuchoka kwa Ijumaa ambako ukilala Jumamosi kunaisha, ni ule uchovu unaenda nao likizo na unarudi nao. Najibu machache.

SWALI: Mi ni nesi, zamu za usiku zimenimaliza. Nikipiga magoti nasinzia, nikisoma Neno haliingii. Siku hizi wagonjwa nawajibu vibaya afu wala sijali. Naona Roho Mtakatifu kaniacha.

JIBU: Dada pole sana. Kusinzia kwenye maombi baada ya kukesha wodini sio Roho kuondoka, ni usingizi jamani. Na hiyo ya kutojali, inaitwa burnout, yani kuishiwa nguvu kwa kazi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliiweka hali hii kwenye toleo la 11 la orodha yao ya magonjwa, wakasema yenyewe sio ugonjwa, inaletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu, na ina sura tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona huna unachokifanya cha maana. Mbili umeziandika mwenyewe.

Sasa fungua 1 Wafalme 19 usome taratibu. Eliya katoka Karmeli juzi tu, moto umeshuka, mvua imenyesha, halafu malkia Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja wa kumtishia kifo, jamaa anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. "Yatosha," anasema. Na Mungu hamkemei, hamwambii akafunge wala aende mkesha, malaika anamgusa tu anamwambia inuka ule, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, AKALALA TENA. Malaika karudi na msosi mara ya pili na anakubali kabisa kwamba safari ni kubwa mno kwake. Mlima Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu vimekuja baadaye.

Kwahiyo ukitoka zamu zima simu, vuta pazia, kula chakula kilichopikwa sio chai na andazi, lala. Maombi yawe Zaburi ya 131, ina mistari mitatu tu, wa pili unaongelea mtoto kifuani kwa mama yake, ukisinzia hapo hakuna aliyekasirika. Ukishapata nguvu kidogo ongea na inchaji wako kuhusu zamu, maana usingizi peke yake hautoshi kama ratiba ni ileile.

SWALI: Naimba kwaya, ni katibu wa vijana, nafundisha shule ya Jumapili na ni mhazini wa jumuiya. Nikisema nipumzike naambiwa aliyeshika jembe asiangalie nyuma.

JIBU: Hilo andiko linatumika vibaya, tena na watu ambao jembe lenyewe hawajawahi kulishika. Luka 9 inaongelea kumfuata Yesu, haiongelei uhazini. Kwenye Kutoka 18 Musa alikuwa anaamua kesi za watu asubuhi mpaka jioni, peke yake, akaja mkwewe Yethro akamwambia wazi, "Jambo hili ufanyalo si jema," utadhoofika wewe NA watu hawa walio pamoja nawe. Yani ukichoka wewe, wale watoto wa shule ya Jumapili nao wanapata mwalimu mwenye hasira. Baki na huduma moja au mbili. Mi ningeanza kuachia uhazini, kukimbizana na michango ya watu kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku kunachosha kuliko mazoezi ya kwaya. Kabidhi daftari na hela kwa maandishi mbele ya mwenyekiti, usiache tu kimyakimya. Watasema, waache waseme.

SWALI: Bosi ananitumia kazi mpaka Jumapili, likizo naambiwa subiri. Mkristo si anatakiwa kutii?

JIBU: Kutii sawa, ila sheria nayo si ni ya kutiiwa? Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa Kenya sheria ya 2007 inatoa siku 21 za kazi. Omba kwa barua, ubaki na nakala. Na ukisoma Kumbukumbu la Torati 5 utakuta sabato ilikuwa ya mtumwa pia, kwasababu wao wenyewe walikuwa watumwa Misri.

SWALI: Mume wangu ni mchungaji, simu haizimwi, hata mezani anaombea watu. Nimsaidieje?

JIBU: Mama mchungaji, msomee Marko 1:35 mpaka 38. Yesu kaamka alfajiri kaenda mahali pasipokuwa na watu, wakina Simoni wanamtafuta wanamwambia watu wote wanakutafuta, na yeye anajibu twendeni mahali pengine. Jioni iliyotangulia wagonjwa wa kweli waliletwa mlangoni, asubuhi bado anatafutwa, na aliondoka. Mkubaliane siku moja ya wiki simu inashikwa na mzee wa kanisa.

SWALI: Kwenda kwa daktari au mshauri nasaha ni kukosa imani?

JIBU: Hapana. Paulo alikuwa na Luka, "tabibu mpendwa". Nenda upime, upungufu wa damu na sonona navyo vinachosha hivihivi. Na kama umefika pa Eliya, pa kutamani kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali leo, usisubiri ibada.

SWALI: Nimechoka mno, nifunge siku tatu nipate nguvu?

JIBU: Sio sasa hivi. Kama kanisa zima linafunga, mwambie mchungaji hali yako ujiunge kwenye maombi tu huku unakula, na kama unatumia dawa usianze mfungo wowote kabla hujaongea na daktari.