Barua kwa mwanangu: tarehe iliyo nyuma ya picha

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ufanyeje: babu yako mkubwa wa Old Moshi kaishika ile picha yake ya koti na tai mbele ya kamera yako, akasema ilipigwa siku ya Uhuru, nawe ukaigeuza ukakuta imeandikwa "Kwa kumbukumbu, 1964". Mwalimu wako chuoni anataka kipande hicho kikatwe kwa kuwa mzee kakosea.

Usikikate. Tarehe ya nyuma si lazima iwe ya siku ya kupigwa. Enzi zile picha ilikuwa zawadi. Mtu akisafishiwa nakala mbili tatu, moja inakwenda ukutani, nyingine inakaa sandukuni hata miaka, mpaka apatikane wa kupewa: mchumba, dada aliyeolewa mbali, rafiki aliyehamia Tanga. Siku ya kuitoa ndipo inageuzwa na kuandikwa. Kwa hiyo muulize, "Babu, hii ulimpa nani?" Ukimuuliza mbona imeandikwa 1964, hilo ni swali la kituo cha polisi, na mzee atakujibu kama aliyeko kituoni.

Tena, kama alimpa mtu, imerudije kwake? Hapo ndipo ilipo filamu yako. Mimi fununu ninayo, ila siisemi. Akitaka atasema mwenyewe.

Na huo Uhuru wake usiubeze. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, juu ya vichwa vya watu wa huku. Babu akikuambia aliuona mwanga kwa macho yake, usianze kumpigia hesabu za umbali. Muulize alisimama wapi, alikuwa na nani, walikula nini usiku ule. Mwaka utauandika wewe kwa maneno chini ya skrini, bila kumkatiza.

Halafu unaiamini mno picha. Hilo koti mimi nina shaka nalo. Studio za mjini zilikuwa na koti lao msumarini, anavaa huyu, anavua, anavaa yule. Mwangalie mikono, imefika katikati ya vidole. Muulize koti la nani uone kama hatacheka. Muulize pia hela ilitoka wapi, maana picha haikuwa kitu cha kila mwezi. Wengi walingoja malipo ya kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilikuwepo tangu 1933, na mkulima akishalipwa kwenye chama chake cha msingi, kwanza ada, kisha bati au deni la duka. Kikibaki ndiyo anashuka mjini kupigwa picha.

Picha zenyewe usiondoke nazo, hata akikuruhusu. Wengine walishaazimwa "nakurudishia kesho" mpaka leo. Zipige hapohapo, karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, flashi umezima, simu au kamera ikiwa sambamba na picha. Piga na mgongo wake, maandishi na mihuri yote. Ile ya harusi imegandana na kioo cha fremu. Usiibandue, utaacha nyuso zao kwenye kioo. Ipige humohumo, ukiinamisha fremu kidogo mpaka mng'ao utoke.

Ruhusa ya babu inatosha kwa picha zake za peke yake. Kwenye ile aliyosimama na mwanamke mwenye kilemba, haitoshi. Yule ana watoto, wanaishi Kiboriloni, na hawajui kama mama yao yuko kwenye kamera yako. Nenda kwao kabla hujaionyesha darasani. Wakikataa, hiyo iache.

Njoo Jumamosi asubuhi. Jumapili akitoka ibadani wageni hawakatiki, na mchana baada ya kula analala. Redio utamkuta nayo imefunguliwa, itaharibu sauti yako yote, lakini usiizime wewe. Mwambie bibi aizime. Sukari wanayo, mletee betri za hiyo redio.

Baba yako